Nyasi za Kashozi

Makofi ndiyo yaliyowaponza. Watu wa Kagoye, kitongoji cha huku Nyakatuntu, wana adabu zao nyingi, na iliyo kubwa kuliko zote ni kumpigia mgeni makofi. Mgeni akisema habari za asubuhi, makofi. Akisema gari lake lilikwama njiani, makofi vilevile, kana kwamba kukwama ni kipaji. Kwa hiyo siku ile mhandisi Ikram alipomaliza kueleza tope lenye sumu litatolewaje mtoni na litapelekwa wapi, mwenyekiti Rogasian aliinua mikono yake mirefu, akasema, "Tumpigie mgeni wetu makofi ya nguvu!" Wakapiga. Mama mmoja, Mukashema, naye alipiga, hadi viganja vikamwasha, na hapo ndipo akili ilipomrudia akatambua alichokuwa anakipigia.

Tuseme ukweli, mhandisi mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa binti wa Zubeiri, yule mwenye duka la mabati na misumari kule Rubwera, makao ya wilaya, na wengi walimjua tangu akimsaidia baba yake kupima nyaya baada ya shule. Alikuja Kagoye na ushungi wake na mabuti ya mpira, akawaamkia wazee mmoja mmoja, kisha akaingia mtoni mwenyewe mpaka magotini. Waliomtangulia walikuwa wameutazama mto kupitia dirisha la gari, wakaondoka wakisema hali inasikitisha.

Na mto ulikuwa umeharibika kweli. Kampuni moja iliyochimba madini ya bati huko juu ilikuwa imeosha mawe yake kwenye maji ya watu kwa miaka, halafu ikafungasha virago, ikaacha mashimo na tope zito la rangi ya kutu. Kwanza walikufa kambare, halafu bata wa mzee Athanasi, halafu mbuzi. Magimbi ya bondeni yakawa hayaliwi. Watoto waliochezea maji walitoka madoa mikononi. Ikram alipima, akawaambia waziwazi: sumu imelala kwenye tope la chini, na kila mvua ikinyesha inaamshwa upya. Dawa yake ni kulichota tope lote, kulikausha, na kulifukia mahali palipochimbwa na kutandikwa udongo wa mfinyanzi, kisha pafunikwe pasiguswe tena. Hakuna aliyepinga. Mukashema ndiye aliyesema kwa sauti kuliko wote kwamba lichotwe hata kesho, maana mbuzi wawili wa kwanza kufa walikuwa wake.

Shida ilikuwa ni mahali pa kulifukia. Wapimaji walikuwa wamechagua Kashozi, kilima kidogo kilicho juu ya bonde, kwa sababu pako karibu, pana mteremko mzuri, na hapana nyumba wala shamba. Ikram aliuliza kama inavyotakiwa. "Pale Kashozi panatumika kwa shughuli gani?"

"Nyasi tu!" wanaume wakaitikia kwa pamoja kama darasa la kwanza. Wanawake hukata nyasi pale, wakaeleza, nyasi za kutandika ndani ya nyumba.

"Nyasi zipo na kwingine?"

"Zipo tele."

"Na kuna lolote jingine ninalopaswa kulijua kuhusu mahali pale?"

Wanawake waliinamisha macho kwenye mikeka waliyokalia. Rogasian akasubiri kidogo, akainua mikono, yakafuata hayo makofi.

Kilichokuwa Kashozi ni hiki. Pale Kagoye, mtoto aliyekufa kabla ya kutolewa nje na kupewa jina hazikwi kibanjani. Kwenye kibanja, lile shamba la migomba linaloizunguka nyumba, hulazwa wenye majina, waliofahamika kwa majirani na kuliliwa msibani. Huyu mdogo huchukuliwa na wanawake wachache asubuhi, wakitembea na miundu yao kama watu wanaokwenda kukata nyasi, na mmoja wao amebeba kitu kilichofungwa kwa kanga. Humlaza Kashozi. Juu yake hupanda mulamula, ule mmea wa majani marefu ambao watu huupanda pia kwenye mipaka ya mashamba, kisha hukata nyasi kweli, hurudi nazo vichwani, huzitandika sebuleni, na habari huishia hapo. Mwanamume haulizi. Hata baba wa mtoto haulizi alikolazwa. Msichana haambiwi mpaka ifike siku ya yeye kuhitaji kuambiwa. Kama desturi hiyo ilikuwa ya Wanyambo wenyeji au ilikuja na familia zilizovuka mpaka kutoka Rwanda na Burundi, hakuna ajuaye. Wanawake walipokutana pale, kila mmoja aliikuta kwa mwenzake, wakaendelea nayo.

Ndiyo maana wanaume waliposema nyasi tu, hawakudanganya. Ndicho walichokijua. Na wapimaji walipoiona ile milamula imesimama hapa na pale, walidhani ni mipaka ya shamba la zamani lililotelekezwa.

Mukashema alirudi nyumbani na Dusabe, binti yake, aliyeolewa nyumba ya tatu kutoka kwake na alikuwa mjamzito, tumbo limeshashuka. Dusabe alikuwa kwenye kamati ya mradi, kijana pekee aliyechaguliwa, na njia nzima alikuwa anang'aa kwa furaha.

"Mama, umeona? Mwanangu huyu ataoga mtoni kama nilivyooga mimi."

"Nimeona."

"Na nyasi usijali. Tutakata kule kwa Niyomugabo, ni ndefu kuliko za Kashozi."

Mukashema alimwangalia binti yake, mikono juu ya tumbo, akaung'ata ulimi. Mjamzito hatajiwi kilichoko Kashozi. Ni kama kumwitia balaa kwa jina, hivyo ndivyo alivyoambiwa yeye, na hivyo ndivyo alivyoamini. Alisema tu kwamba jua limekuwa kali, wapitie njia ya migombani.

Hakulala vizuri siku hizo. Hata akimenya ndizi aliona tope lile la kutu likishuka Kashozi taratibu, likifunika jani moja moja. Mwishowe akaamua kwenda kwa Benadeta, mke wa Rogasian, ambaye kila mtu alimwita Mama Mbonimpa. Walikuwa wametolewa mahari mwaka mmoja na walikuwa wamekata nyasi pamoja mara nyingi, zile za kweli na zile nyingine.

"Mwambie mumeo," Mukashema alisema, hata kabla hajakaa.

"Nimwambie nini?"

"Kilichoko Kashozi."

Benadeta aliweka kisu chini. "Mama Dusabe, umelogwa? Mwanamume haambiwi."

"Basi mwache amwage sumu juu ya watoto wake."

"Watoto gani?" Benadeta alisema upesi, na machozi yakamtoka kabla ya swali kuisha. Akajifuta kwa kiwiko, kwa hasira. "Mimi nilishamaliza kulia, waitu. Usinianzishe tena. Tulipiga makofi, yameisha."

"Hayajaisha."

"Nenda nyumbani, Mama Dusabe."

Mukashema hakwenda nyumbani. Alichukua mundu wake akapanda Kashozi. Huko alikuta vigingi vya mbao vimepigiliwa kila upande, vimefungwa vitambaa vyekundu, na kimoja kilikuwa kimekitwa kando kabisa ya mulamula mmoja mnene ulioinama kuelekea bondeni. Aliujua mulamula huo. Aliupanda kwa mikono yake akiwa bibi harusi ambaye hata sufuria zake zilikuwa bado mpya. Alisimama pale hasira ikimpanda mpaka masikio yakawa moto. Aliikasirikia kampuni ya bati, akawakasirikia wapimaji, akamkasirikia Rogasian na mikono yake mirefu, lakini zaidi ya wote alijikasirikia yeye na viganja vyake. Akaweka mundu chini, akakishika kigingi kwa mikono miwili, akakitikisa kama anayeng'oa muhogo, kikatoka. Akaenda kwenye cha pili. Alikuwa ametoka kwenda kukata nyasi, akarudi na mzigo wa kuni.

Habari za Kagoye hazihitaji redio. Kesho yake Rogasian alitokea uani kwa Mukashema bila hata kupiga hodi, jambo ambalo mwenyekiti mwenye adabu zake halifanyi.

"Mama Dusabe, vigingi viko wapi?"

"Viko jikoni."

"Jikoni vinafanya nini?"

"Vinachemsha maharage. Karibu, yanakaribia kuiva."

Rogasian alichungulia jikoni. Kitambaa chekundu kimoja kilikuwa kimefungwa kwenye mpini wa mwiko. "Unajua ile ni mali ya mradi?"

"Na Kashozi ni mali ya nani?"

"Ya kijiji! Na kijiji kimekubali. Ulipiga makofi, Mama Dusabe, nilikuona kwa macho yangu."

"Nilipiga. Sasa nayarudisha."

"Makofi hayarudishwi."

"Yangu yanarudi," Mukashema alisema, akakoroga maharage yake.

Rogasian alivuta pumzi. Tusimwonee, alikuwa amehangaika na mto ule kuliko mtu yeyote, amekwenda Rubwera kwa bodaboda akilowa na kukauka njiani, amebembeleza ofisi moja baada ya nyingine mpaka mradi ukaja, na sasa mwanamke mmoja anaupikia maharage. "Unataka watoto waendelee kutoka madoa? Unataka tope libaki?"

"Nataka liondoke. Sitaki liende Kashozi."

"Kwa nini?"

Swali lilikuwa jepesi, na jibu lilikuwa pale pale kooni. Lakini hakuliweza, uani kwake, mbele ya mwanamume, peke yake. "Kwa sababu sitaki," alisema.

"Haya. Ijumaa kuna mkutano, mhandisi atakuwapo. Utasimama uombe radhi mbele ya watu. Usipoomba, nitakufikisha kwa mtendaji, na ikibidi Rubwera kwenyewe."

"Nitasimama," Mukashema alisema.

Akazunguka nyumba kwa nyumba. Hakumwambia mtu atasema nini, kwa kuwa hata yeye hakuwa na uhakika kama atasema. Aliomba jambo moja tu: kila mwanamke aje mkutanoni na kazi yake ya mikono, mkeka au kikapu, na asiiweke chini lolote litakalotokea. Wengine walimuuliza ana nini. "Mikono isiwe mitupu," alijibu, akaenda nyumba nyingine. Kwa Benadeta alipita njiani akasema hivyohivyo kutoka nje, akaendelea na njia yake.

Ijumaa watu walijaa mbele ya ofisi ya kijiji. Wanaume walikaa kwenye mabenchi, wanawake chini upande wa pili, na Ikram alikaa mbele na kamati yake, Dusabe akiwa karibu naye kwenye kiti walichomtafutia kwa ajili ya hali yake. Rogasian alisimama.

"Kagoye hoyee!"

"Hoyee!" upande wa mabenchi. Upande wa mikeka vidole vilikuwa vinasuka.

"Tumpigie mgeni wetu makofi!"

Yalisikika makofi machache, ya wanaume peke yao, yakakoma mapema kwa aibu. Rogasian alingoja mengine. Mafunjo yalikwaruzana mikononi mwa wanawake, na hakuna mkono ulioinuka. Ikram alitazama upande ule, akaweka kalamu yake chini.

"Mama Dusabe ana neno," Rogasian alisema kwa ukali.

Mukashema alisimama. Alimwona Dusabe kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote, anamtazama mama yake kwa uso wa mtu anayeona haya kwa niaba yake. Alitamani kumtuma nyumbani, akachukue kitu kilichosahauliwa jikoni, chochote. Kisha akawaza, nikimkinga leo, siku akihitaji kwenda Kashozi ataikuta imefukiwa kwa sumu, na nitamwambia nini? Akapiga moyo konde.

"Nimeitwa kuomba radhi," alisema. "Nimechoma vigingi vya watu. Naviomba radhi vigingi."

Wanaume walicheka. Mzee Athanasi, ambaye alikuwa ameanza pombe yake ya rubisi mapema, alicheka kupita kiasi mpaka akapigwa kiwiko.

"Sasa niseme la pili. Hapa mnaniita Mama Dusabe. Tangu nimezaa hapa, hamjaniita jina jingine. Dusabe ni wa pili."

Kicheko kilikatika. Vidole vya wanawake vilisimama juu ya mikeka.

"Nyamaza, mwanangu." Alikuwa Nyirabageni, bibi aliyewapokelea watoto nusu ya kitongoji kile, na sauti yake ilikuwa kali.

"Nimenyamaza sana, mama. Nimenyamaza mpaka wameniletea sumu." Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Wa kwanza alikuwa msichana. Hakufika kutolewa nje. Yuko Kashozi, chini ya mulamula ulioinama, pale nilipokuta kigingi. Hili jina la Dusabe mlidhani nililitoa wapi? Tuombe. Nilikuwa naomba huyu abaki. Mnasema Kashozi ni nyasi tu. Mimi sijawahi kwenda kule kwa sababu ya nyasi tu."

Rogasian alikuwa amesogea hatua moja mbele, mkono umenyanyuka nusu, haujui uende wapi. "Mama Dusabe, haya ni mambo ya wanawake. Hayasemwi mkutanoni."

"Basi msingepeleka tope la mkutano kwenye mambo ya wanawake."

"Pole," Rogasian alisema, na alimaanisha. "Pole sana. Lakini mto unaua. Hatuwezi kusimamisha kazi ya watu wote kwa ajili ya kaburi moja."

Hapo ndipo mkeka ulipoanguka. Benadeta alikuwa amesimama na mkeka wake ulikuwa miguuni, ukijikunjua wenyewe.

"Na mimi," alisema, "Mbonimpa ni wa tatu."

Rogasian aligeuka. Alikuwa anajua, bila shaka alijua; mara mbili aliambiwa mtoto hakukaa, mara mbili alikuta nyasi mpya sebuleni na mkewe amegeukia ukutani, na mara zote mbili hakuuliza, kwa sababu haiulizwi. Akakaa benchini.

"Na mimi," alisema mwanamke wa nyuma. "Na mimi," mwingine, aliyekuwa na mtoto mgongoni. Walisimama huyu hapa, huyu kule, wengine wakitaja wa ngapi, wengine wakisema hayo maneno mawili tu na kukaa, na wanaume kwenye mabenchi waligeuka kila mmoja kumtafuta wa kwake, kama amesimama au la. Mwishowe Nyirabageni mwenyewe, aliyekuwa amekataza, alinyoosha mkono ainuliwe. "Mimi msiniulize ni wangapi," alisema. "Sura zao nimezisahau. Mahali sijasahau."

"Inna lillahi," Ikram alinong'ona. Alikuwa ameshika kingo za meza. Kisha akasema, na ndani ya sauti yake mlikuwa na uchungu wa mtu aliyefanya kazi yake na bado akakosea, "Lakini niliwauliza, mama zangu. Niliuliza kama kuna jambo napaswa kulijua."

"Uliuliza mbele ya waume zetu, binti yangu," Mukashema alisema. "Na sisi tukakupigia makofi. Kosa tugawane."

Ikram aliitikia kwa kichwa. Akasimama, akaeleza bila kuzunguka. Mahali pengine palikuwapo, napo ni kwenye mashimo ya kampuni ileile ya bati. Yalikuwa makubwa ya kutosha, yako mbali na nyumba. Lakini aliyeyarithi mashimo hayo kutoka kwa kampuni alikuwa amekataa kila alipoombwa, akisema huenda siku moja akayahitaji, na Rubwera hawakutaka kuvutana naye wakati kuna kilima kitupu jirani.

"Amekataa tope lake mwenyewe?" Mukashema aliuliza.

"Ndivyo, mama."

"Tope lao, shimo lao. Lirudi lilikotoka."

Upande wa mabenchi mtu alisema ndiyo, kisha wengine wengi, kwa sauti za kushtuka kwamba wamesema. Ikram alisema atakwenda Rubwera Jumatatu asubuhi ofisi zikifunguliwa, na atasema hivyo hivyo kwa maneno hayo hayo. Akasita. "Ila katapila limeshaagizwa. Linakuja Jumatatu hiyohiyo kuanza kuchimba, na si mimi ninayeweza kulizuia. Huenda likafika kabla sijasikilizwa."

"Lije," Mukashema alisema. "Litatukuta tunakata nyasi."

Mkutano haukufungwa, uliisha wenyewe. Rogasian alibaki amekaa, akiutazama mkeka wa mkewe uliokuwa bado umelala chini. Dusabe alikuja polepole, mkono mmoja kiunoni, akasimama mbele ya mama yake.

"Kwa hiyo mimi si kifungua mimba," alisema.

"Nisamehe. Sikutakiwa kukuambia, hasa sasa. Na Jumatatu ubaki nyumbani, umesikia? Mtu wa hali yako haendi kule."

"Mtu wa hali yangu haambiwi hata kilichoko pale, na wewe umekitangaza mbele ya kijiji kizima." Dusabe alikuwa analia na alikuwa amekasirika, yote kwa pamoja, sura ileile ya mama yake. "Miaka yote napita chini ya kilima kile na dada yangu yuko pale. Nitakuja. Nitafute mundu mwepesi."

Jumatatu katapila lilipanda kutoka barabarani likinguruma na kutoa moshi, likakuta Kashozi imejaa wanawake. Walikuwa wameinama wanakata nyasi, kwa utaratibu, kama siku nyingine yoyote, ila hakuna aliyefunga mzigo wala aliyeonyesha dalili ya kuondoka. Dusabe alikuwa amekaa kando ya mulamula ulioinama, anakata zile anazozifikia. Mukashema alisimama mbele kabisa na mundu wake, akamtazama dereva usoni mpaka akapunguza mwendo, akasimamisha, injini ikiendelea kunguruma.

"Mama, nimetumwa kazi!" dereva alipaza sauti.

"Na sisi tuna kazi!"

Ndipo wanaume walipotokea. Walikuja kwa njia ya chini, Rogasian akiwa mbele, na walipofika ukingoni mwa nyasi wote wakasimama kwa ghafla. Hapana mwanamume wa Kagoye aliyewahi kupanda pale. Hawakujua waweke wapi miguu. Mwenyekiti yule, ambaye hotuba zake hazina breki, alisimama mguu mmoja mbele mmoja nyuma kama mtoto aliyevuliwa viatu, akamwita mkewe kwa sauti ndogo.

"Mama Mbonimpa. Hapa naweza kukanyaga?"

Benadeta alimwonyesha kwa mundu. "Hapo, ndiyo. Pita kushoto. Tena kushoto."

Akapita kushoto. Nyuma yake wanaume wengine wakawa wanaita majina ya wake zao, wakiuliza, wakielekezwa, wakipiga hatua fupifupi katikati ya milamula, mzee Athanasi akiwa ametoa kofia na hana harufu ya rubisi hata kidogo. Walipofika juu walisimama katikati ya wanawake, mbele ya katapila. Dereva aliwatazama, akatazama namna walivyokuwa wamesimama, miguu imebanwa pamoja. Akazima injini.

Simu ya Rogasian ililia katika ule ukimya. Alikuwa Ikram, yuko Rubwera ofisini, na Rogasian akaweka sauti kubwa ili watu wasikie. Nyuma ya Ikram zilisikika sauti za wakubwa wakibishana, mmoja akisema ramani inaonyesha wazi kwamba hakuna kitu.

"Mwenyekiti," Ikram alisema, "wanataka wasikie kutoka kwako mwenyewe, maana wewe ndiye uliyewaandikia mwanzoni kwamba kijiji kimekubali. Wanauliza, pale Kashozi si patupu?"

Rogasian aliinamisha kichwa. Karibu na mguu wake wa kulia palikuwa na milamula miwili iliyoota karibukaribu, majani yamegusana, na Benadeta alikuwa ameweka mkono wake juu ya mmoja.

"Waambie pamejaa," alisema.